Herufi Iitwayo Lo

Ujumbe wa Dakta Nthiwa ulinikuta nikishona kola ya sare ya shule. Uliandikwa hivi: "Mama Mbinya, kazi yako na ya Kiragu zina kosa moja, mahali pamoja, kwa njia moja. Ijumaa saa nane mje chuoni Kwa Vonza, nyote wawili. Kama mmoja amenakili, ni heri aseme mapema. Asiposema, nitawaondoa wote wawili darasani."

Niliondoa mguu kwenye cherehani. Nikasoma tena, nikitafuta neno litakaloniokoa, sikuliona.

Sikunakili. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Basi ikiwa kazi zetu zimefanana, na mimi sikunakili, aliyenakili ni Kiragu. Mwizi yupo, na ni mmoja tu. Sijawahi kumaliza hesabu upesi namna hiyo.

Nilifunga mlango wa duka nikapiga magoti kati ya meza ya kukatia na rundo la vitambaa. "Bwana, unajua nilivyohangaika," nilisema. "Niliacha shule kidato cha pili, na sasa nimefika mlangoni mwa shahada. Usiache nifukuzwe kama mwizi. Mfichue aliyefanya jambo hili." Sikumtaja Kiragu kwa jina. Niliona Mungu hahitaji kuambiwa.

Darasa letu la jioni hapa mjini Wote lilianza na watu wengi, wakapungua mmoja mmoja, tukabaki wawili. Kiragu ni mtu wa Makindu, anauza betri za magari kando ya barabara ya Mombasa. Wazazi wake walitoka Nyeri wakahamia huko kabla hajazaliwa. Siku za darasa hulala kwa dada yake hapa mjini. Mwaka ule nilipoanguka mtihani nikasema basi, yatosha, ni yeye aliyekuja akakaa mlangoni pa duka langu, akakataa kuondoka. "Mama Mutanu," aliniambia, maana Mbinya ni jina langu mwenyewe, na Mutanu ndiye kifungua mimba wangu, "ukitoka, maswali yote ya Dakta nitaulizwa mimi. Unataka kuniua?" Nilicheka, nikarudi. Mtu kama huyo akikuibia, inauma kuliko ya mgeni.

Mradi wetu wa mwisho ulikuwa mmoja, lakini kila mtu alitakiwa kuufanya peke yake. Tulipaswa kuthibitisha kwamba milinganyo ya gesi isiyo na presha ina suluhisho, na kwamba suluhisho hilo ni moja tu.

Gesi ya kawaida husukuma. Ukiibana ndani ya gurudumu, nayo inakubana. Gesi isiyo na presha haimsukumi mtu. Ni kama vumbi: kila chembe inakwenda kwa kasi yake bila kujali jirani, mpaka iikute chembe iliyo mbele yake. Zikikutana, zinashikana. Kuanzia hapo zinakwenda pamoja, kwa kasi inayotokana na mwendo na uzito wa zote mbili.

Mimi niliielewa kwa njia ya kwenda kanisani kwetu. Jumapili kila mtu hutoka kwake kwa mwendo wake. Lakini ukimkuta mtu mbele yako, humpiti. Unamsalimia, unamuuliza habari za mgonjwa wake, mnakwenda pamoja. Ukiwa mmoja mwenye haraka na umewakuta akina mama kundi zima, wao wataongeza mwendo kidogo sana, wewe utapunguza sana. Kundi likilikuta kundi, linakuwa kundi kubwa zaidi. Tukifika kanisani huwa tumekuwa mkutano hata kabla ya kuingia.

Kwamba suluhisho lipo, hilo halikunisumbua. Watu hufika kanisani. Ugumu ulikuwa kuonyesha kwamba ni moja tu. Milinganyo hulinda uzito na mwendo wa jumla, lakini hiyo pekee haizuii kundi kupasuka katikati ya njia bila sababu, wengine wakarushwa mbele na wengine wakabaki nyuma. Ukijumlisha, uzito ni ule ule na mwendo wa jumla ni ule ule. Kumbe kuna majibu mengi! Ndipo inapowekwa sheria nyingine: walioshikana hawaachani, na hakuna anayepata nguvu kutoka hewani. Ukiiweka sheria hiyo, majibu ya uongo yanaanguka, linabaki moja.

Mambo haya hatukuyasoma ubaoni. Radi ilikuwa imeharibu transfoma ya upande wetu, na jioni darasa lilikuwa giza. Basi Dakta Nthiwa alitufundisha akiwa kwake Kwa Vonza, kwa kututumia sauti kwenye simu. Mimi nilisikiliza nikipiga pasi ya makaa, Kiragu akasikiliza akiwa dukani kwake. "Msongamano wa gesi tutauita lo," sauti ya Dakta ilisema. "Na kipande cha njia, urefu wake ni el." Sikuijua herufi iitwayo lo. Niliandika l, nikaendelea. Nilipata kitabu kimoja cha kuazima, na mahali pa msongamano kilikuwa na p iliyopinda mkia. Nikajua hiyo ni p ya presha. Lakini gesi yetu haina presha! Nikaona kitabu kimekosea, nikakirudisha, nikamwamini mwalimu wangu.

Saa ile ya ujumbe nilimwomba Dakta anionyeshe kosa lenyewe. Alituma picha ya kurasa mbili zikiwa sambamba, wangu na wa Kiragu. Ukurasa wa tatu nilikuwa nimekata l kwa l, moja juu na moja chini, na Kiragu vile vile. Sikuona ubaya wa kukata. Jicho langu lilikwama kwenye ile herufi ya msongamano. Kiragu naye aliandika l.

Kila mtu huku kwetu anajua: sisi Wakamba ulimi wetu unapenda l, na ndugu zetu Wakikuyu ulimi wao unapenda r. Wao wakisema "lakini", unasikia "rakini". Mkikuyu angeisikia herufi ya Dakta akaandika r. Kiragu ameandika l. Ameitoa wapi, kama si kwangu?

Kuanzia hapo kila jambo la nyuma liligeuka likanionyesha upande wake mwingine. Nilikumbuka siku alipoingia dukani nikiwa nampima mteja, akachukua karatasi zangu juu ya meza ya pasi akasema, "Mama Mutanu, mwandiko wako ni kama wa hakimu." Nilifurahi siku hiyo. Nikakumbuka alivyonipigia simu kuuliza, "Wale akina mama wa njia ya kanisa, wakikutwa wanaongeza mwendo ama hawaongezi?" Kwa nini aulize njia ya kanisa letu, mtu anayeishi Makindu? Na lile jambo lililokuwa likinikera siku zote bila kulisema: Kiragu hupenda kusema "balabala" na "lafiki yangu", kama sisi. Nilikuwa nimenyamaza miaka yote hiyo, nikijua ananicheka ulimi wangu. Mtu anayekucheka usoni, nilijiambia, atashindwa kukuibia?

Alhamisi jioni tulikutana darasani. Umeme ulikuwa umerudi. Kiragu alikuwa amefika kabla yangu, na kwa mara ya kwanza hakukaa benchi langu. Alikaa la nyuma. Simu yake aliilaza kifudifudi.

"Umepata ujumbe?" nilimuuliza.

"Nimepata."

"Na unasemaje?"

"Mama Mutanu, wewe ni mtu wa kanisa. Sema tu ukweli. Mimi nitakusamehe."

"Unisamehe mimi?"

"Nani alikuja Makindu ule mkutano wa akina mama, akaja kunywa chai kwangu, na karatasi zangu zilikuwa wazi hapo kwa kaunta? Niliingia ndani kutafuta sukari. Nikarudi ukaniambia nisijisumbue na sukari."

"Nina ugonjwa wa sukari, Kiragu! Unajua!"

"Najua. Lakini siku hiyo ulikataa haraka sana."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumrushia kifutio. "Na wewe uliyeshika karatasi zangu ukisifu mwandiko? Ulikuwa ukisifu ama ukisoma?"

"Mwandiko wako sijawahi kuuelewa. Nilisema wa hakimu. Umewahi kuona mwandiko wa hakimu?"

Tulikaa hivyo mpaka saa ya darasa ikaisha, kila mtu akijifanya anasoma. Kwaheri haikusemwa. Nyumbani niliomba tena, na maombi yakawa mazito, kama kuvuta maji kisima kirefu. Kila nilipofika mahali pa kusema "utusamehe makosa yetu" niliona ile l mbele ya macho, nikarudi mwanzo.

Ijumaa saa nane tulikuwa Kwa Vonza. Chumba kilikuwa na ubao, meza, na viti vichache. Dakta Nthiwa alikaa upande mmoja, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Kando yake alikaa mhadhiri aliyeletwa kusikiliza jambo letu, Madam Gakenia, mama wa umri wangu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi.

Nilikuwa nimejiandalia neno. "Dakta," nilisema, "sisi tumethibitisha kwamba suluhisho ni moja tu. Kama ni moja, watu wawili wakifanya kazi kwa haki lazima wafanane. Kufanana si wizi."

"Mama, hilo nimelifikiria," alisema kwa upole. "Jibu la kweli likifanana, sishangai. Lakini kosa? Makosa ni mengi kama mchanga. Watu wawili wakiokota punje moja ile ile, nauliza nani alimwonyesha mwenzake." Akagonga karatasi kwa kidole. "Mmekata msongamano kwa urefu. Uzito wote umepotea. Mnasema mtu mmoja akikuta kundi, wataenda kwa kasi ya katikati kabisa, kana kwamba kundi ni mtu mmoja."

Mfano wangu mwenyewe wa kanisani ulikuwa unanipinga siku zote hizo, na sikuuona.

"Nani anataka kusema?" aliuliza Madam Gakenia.

Mimi nikasimama.

"Mimi sikunakili. Kiragu ndiye. Na nina ushahidi." Nilimwelekezea kidole. "Yeye ni Mkikuyu. Angeisikia ile herufi angeandika r. Ameandika l, kama mimi. Mtu wa kwao hawezi kuandika l mahali hapo ila awe ameiona kwa Mkamba."

Kiragu aligeuka akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Hiyo ndiyo umenishtakia? L?"

"Ndiyo hiyo."

"Mama Mutanu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Darasa la kwanza, Makindu, Mkikuyu nilikuwa mimi pekee. Nilisimama nikasema 'rakini' mbele ya watoto wote. Walicheka mpaka mwalimu akatoka nje kucheka huko. Waliniita Rakini mpaka darasa la nane. Niliapa. Tangu siku hiyo nikisikia sauti na sina uhakika, naweka l. Naweka l kila mahali. Mke wangu amechoka. Nasema balabala, nasema lafiki..."

"Nilidhani unanicheka," nilisema.

"Miaka yote hii?"

Nikaketi.

Madam Gakenia alivaa miwani. "Ngojeni kidogo. Ni herufi gani hii mnayobishania? Mama, nisomee mstari wa kwanza."

"Acha l iwe msongamano," nilisoma.

"Kwa nini l?"

"Dakta alisema inaitwa lo."

"Sikusema lo," alisema Dakta Nthiwa. "Nilisema lo."

Nje mtu alikuwa akiburuta kiti.

"Daktari," alisema Madam Gakenia taratibu, "hebu sema tena."

"Lo."

"Na gari linapita wapi?"

"Sasa magari yameingiaje... Haya. Linapita balabalani. Mnajua mimi ni Mkamba, Madam, msinisumbue."

Kiragu alikuwa wa kwanza kufunika mdomo. Dakta Nthiwa alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaitazama karatasi yangu, kisha ya Kiragu. Nikaona jambo likimfikia polepole. Aliinuka akaenda ubaoni, akachora p iliyopinda mkia. "Ro," alisema Madam Gakenia, "herufi ya Kigiriki."

"Hii," alisema. "Niliwaambia mwandike hii."

"Hiyo si p ya presha?" niliuliza.

"Mama, gesi haina presha."

"Ndiyo maana niliona kitabu kimekosea!"

Madam Gakenia aliegemea kiti akacheka mpaka miwani ikaanguka. Dakta naye alicheka, akitikisa kichwa. "Nimefundisha kitu hiki kwa miaka na chaki mkononi, hakuna aliyepotea. Mara moja tu nimetumia ulimi peke yake, tazama nilichofanya. Lo na el, zote l. Halafu nikawaambia mgawanye." Alirudi akakaa. "Kosa lilianzia kwangu. Ninyi mlianza mahali pamoja, mkafuata njia moja, mkafika mahali pamoja."

"Polepole," alisema Madam Gakenia, na kicheko kikamtoka usoni. "Hiyo inaeleza kosa. Haijaniambia bado kama hawakupeana karatasi. Mmoja abaki hapa, mwingine aende ofisini kwangu. Kila mtu aandike ukurasa wa tatu upya, kwa herufi ya kweli, mpaka mwisho. Simu zibaki mezani."

Nilipelekwa ofisini. Niliomba kidogo tu, maana nilikuwa na haya ya kuomba mengi. Niliandika ile herufi kwa uangalifu, mkia wake ukishuka chini ya mstari. Safari hii hapakuwa na cha kukata. Uzito ulibaki mahali pake, hatua kwa hatua, na kasi ya kundi ikatoka kama ninavyoijua kwa miguu: wengi wanaongeza kidogo, mmoja anapunguza sana. Kisha nikaweka ile sheria ya walioshikana kutoachana, na majibu ya uongo yakaanguka.

Madam Gakenia aliziweka karatasi mbili mezani sambamba. Alisoma yangu, akasoma ya Kiragu. Yeye alitumia betri nzito na nyepesi kwenye mkokoteni, na njia yake ilikuwa fupi kuliko yangu, lakini mstari wa mwisho ulikuwa ule ule, neno kwa neno. Alimsogezea Dakta. Dakta alisoma, akatia sahihi zote mbili.

"Yamefanana," alisema, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tuliambiwa twende. Kiragu aliaga wahadhiri, akachukua mfuko wake, akatoka bila kunitazama. Nami nilitoka nyuma yake. Kutoka langoni mpaka sokoni Kwa Vonza ni njia iliyonyooka, na jua lilikuwa bado kali. Alikuwa mbele yangu, na mwendo wake ni mkubwa kuliko wangu. Nilijua maana yake. Aliye mbele akiwa na kasi, na aliye nyuma akienda polepole, hawakutani. Nafasi kati yao inazidi kukua, na hakuna presha ya kumsukuma yeyote.

Nilikuwa nimemwomba Bwana amfichue aliyefanya jambo lile. Sasa nilikuwa nikitembea nikitazama mgongo wa mtu niliyemwita mwizi mbele za watu kwa sababu ya kabila lake na herufi moja. "Nisaidie," nilisema, na sikuwa na neno jingine la kuongeza. Nilijaribu kukaza mwendo, viatu vikanikataa.

Karibu na duka la kwanza Kiragu alisimama. Hakuna kilichomzuia; njia ilikuwa tupu. Aligeuka akaweka mfuko chini.

"Unakuja, ama nijengewe nyumba hapa?"

Nilifika nikihema. "Kiragu, nimekukosea. Nimekukosea sana. Nisamehe."

"Na mimi nilikushuku kwa sukari." Aliokota mfuko. "Lakini wewe ulikuwa mbaya zaidi. Wewe ulisimama ukasema."

"Nilisimama nikasema."

"Sema rakini."

"Nini?"

"Sema rakini, nisikie."

Nilijaribu. Niliusogeza ulimi nyuma, nikaubana, nikasukuma. "Lakini," nilisema.

"Haya! Halafu mimi ndiye mwizi wa l."

Alinipokea begi langu bila kuuliza, tukashika njia ya sokoni. Yeye alipunguza, mimi nikaongeza kidogo. Tulikwenda kwa kasi iliyokuwa karibu zaidi na yangu, maana kati yetu wawili mimi ndiye mzito.